Mtiririko wa mazingira, au fungu la mto

Mtambo wa umeme wa Kihansi, katika milima ya Udzungwa, una uwezo wa megawati 180. Ulipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya mto iliingizwa handakini na maporomoko yakabaki kuchuruzika. Unyunyu uliokuwa ukililowesha korongo usiku na mchana ukakatika. Humo aliishi chura mdogo wa manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Wanasayansi walikuwa wamemgundua mwaka 1996 tu. Zikatandazwa bomba za kunyunyizia maji, lakini ugonjwa wa kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kiliokolewa na wale waliokuwa wamepelekwa mapema kwenye bustani za wanyama Marekani. Wazao wao walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Kilichokosekana pale kinaitwa mtiririko wa mazingira: maji ambayo mwenye bwawa hana budi kuyaacha yashuke na mto wake, ili viumbe na watu walio chini wapate kuishi. Azimio la Brisbane la mwaka 2007 linautambua kwa mambo matatu: wingi, wakati na ubora wa maji.

Wakati ndio husahauliwa. Mkulima wa Rufiji alimaye mlau husubiri mafuriko yashuke, kisha hupanda kwenye unyevu na rutuba iliyoachwa. Tope la mafuriko hayohayo hulisha mikoko ya delta, na kwenye mikoko kamba wachanga hukulia. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaweza kutoa maji mengi mwaka mzima bila kukoma na bado likamnyima mkulima huyo alichohitaji, maana kwake furiko lenyewe ndilo mtaji. Umeme tunauhitaji, na bora utoke kwenye maji kuliko kwenye mafuta mazito. Ila gharama yake isiangukie upande mmoja tu wa ukuta.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 ya usimamizi wa rasilimali za maji imeyatanguliza maji haya ya mazingira, pamoja na yale ya mahitaji ya lazima ya binadamu. Neno la Kiingereza lililotumika humo, “reserve”, hufasiriwa upesi kuwa “akiba”, na hapo ndipo msomaji hupotea: akiba huwekwa, ilhali haya ni maji ya kuachiwa. Mimi napendelea “fungu la mto”. Mpwani atasikia kwanza fungu la mchanga, lakini katika mazungumzo ya kugawana maji atakumbuka mafungu ya mirathi, ambayo mrithi huyapata kwa haki wala hayaombi.

Fungu hilo lazima liwe na miezi yake. Kibali cha bwawa kinachotaja kiasi kimoja cha maji kwa masika na kiangazi kimeweka kima cha chini tu. Mtiririko wa mazingira bado hakijautaja.