Kutoka redio hadi kishikwambi: Chombo cha kufundishia kilivyojifunza kumsikia mtoto

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kompyuta chache zilizokuwapo serikalini, ya kwanza ikiwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, zilikuwa zimezaa gharama kubwa kuliko manufaa. Miaka 43 baadaye, mwishoni mwa 2017, vishikwambi viligawiwa bure kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukanyaga darasani.

Historia iliyo kati ya miaka hiyo miwili husimuliwa kama habari ya mashine: nani alileta nini, kwa fedha za nani. Ukiifuata kwa upande wa mtoto, inasomeka tofauti. Vyombo vya kufundishia vilianza kwa kusema tu. Kisha vikajifunza kunyamaza ili mtoto ajibu. Mwishowe, kwa njia ya michezo, vikaweza kulipokea jibu lenyewe. Na katika kila hatua, pembeni ya chombo alikuwapo mtu ambaye taarifa za miradi humtaja mwishoni, akitajwa.

Redio yasema, kikundi chasikia

Zuio la 1974 halikuwa woga wa teknolojia ya kufundishia. Mwaka mmoja kabla yake, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Kwa wiki 12 walikutana, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakapanga la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa. Nyuma ya kampeni hiyo walikuwapo viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kwa kazi hiyo. Redio ilisema bila kusikia. Aliyejua kwamba msikilizaji fulani hakuelewa ni kiongozi wa kikundi.

Kwa mtoto wa darasa la kwanza kasoro hiyo ni kubwa zaidi, kwani hatulii nusu saa akimsikiliza mtu asiyemwona. Dawa yake ilibuniwa Nicaragua katikati ya miaka ya 1970, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitengeneza vipindi vya hisabati vyenye vituo. Mtangazaji anauliza, ananyamaza sekunde chache, darasa zima linajibu kwa sauti, kisha jibu sahihi linatajwa. Mapema miaka ya 1980 mtindo huo ukatumika Kenya kufundishia Kiingereza katika madarasa ya mwanzo.

Ulipofika Unguja na Pemba, katika muongo wa kwanza wa karne hii, ulikuwa mchezo waziwazi. Kipindi kilipewa jina la Tucheze Tujifunze, kikawalenga watoto wadogo, wakiwamo wale ambao vijijini kwao hapakuwa na skuli ya maandalizi. Redio iliwataka waimbe, warukeruke, wahesabu vitu walivyoviokota uwanjani, huku mwezeshaji wa hapohapo kijijini akihakikisha hakuna aliyeachwa nyuma. Wazazi hawakuwa na sababu ya kushangaa. Pwani, mtoto huanza kuhesabu kwenye mdako kabla hajakalia dawati, na bao limewafundisha watu kupiga hesabu za mbele kwa vizazi vingi bila ubao wa chaki.

Hata hivyo, kimya kile cha redio kilikuwa cha kuigiza. Darasa likijibu sita badala ya saba, mtangazaji aliendelea vilevile, kwa furaha ileile.

Simu ya mzazi yapokea jibu

Runinga ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, miongo miwili baada ya Zanzibar. Ikachukua miaka 20 mingine kabla watoto hawajapata kipindi cha masomo kilichochorwa nyumbani kwa ajili yao. Januari 2014 TBC1 ilianza kurusha Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi kwa Kiswahili, kutoka kampuni changa ya Dar es Salaam. Ndani ya kipindi wabunifu waliweka maswali ya kuchagua, na mtoto aliweza kutuma jibu kwa ujumbe mfupi akitumia simu ya kawaida ya mzazi, kisha akajibiwa. Kenya, Eneza Education ilikuwa ikifanya jambo kama hilo bila picha: masomo na maswali ya mazoezi kupitia simu ya vibonyezo.

Njia ilikuwa nyembamba, herufi moja tu, lakini kwa mara ya kwanza chombo kilijua kama mtoto amepata au amekosa.

Wakati huohuo, wanasiasa walikuwa wakitazama kifaa kikubwa zaidi. Kampeni za uchaguzi wa Kenya wa 2013 ziliahidi kompyuta mpakato kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikakwama katika mashauri. Usambazaji ulipoanza mwaka 2016, kilichogawiwa kilikuwa tabuleti, na hatimaye zaidi ya milioni 1 zilifikishwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Mradi ulileta faida moja isiyopewa uzito wake: ili tabuleti ziwake, shule nyingi za vijijini ziliunganishiwa umeme. Lakini kifaa kilifika kwa mwalimu ambaye ratiba yake haikubadilika, mafunzo yake yalikuwa ya siku chache, na ambaye kikiibwa angeulizwa yeye. Katika shule nyingi kikaishia kufungiwa stoo.

Jaribio la Tanga

Septemba 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano la dola milioni 15, fedha zilizotoka kwa sehemu kubwa kwa tajiri Elon Musk. Sharti lake lilikuwa zito: tengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Timu tano zilizofika fainali zilipewa dola milioni 1 kila moja, Google ikatoa vishikwambi, na Serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani wakaendesha jaribio vijijini kwa miezi 15.

Kila timu ilikuja na imani yake. RoboTutor, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilimsikiliza mtoto akisoma Kiswahili kwa sauti. Chimple ya India iliweka michezo mingi na hadithi. Onebillion ya Uingereza, iliyokuwa imefanya kazi kwa miaka Malawi, iliamini katika hatua fupi zinazofuatana. Kitkit School ilitoka Enuma, kampuni ya wanandoa Wakorea waliotokea kwenye sekta ya michezo ya kompyuta, na ambao walianza kutengeneza programu za masomo kwa sababu ya mtoto wao mwenye mahitaji maalumu.

Mei 2019 ushindi uligawanywa: Kitkit School na onebillion zilipata dola milioni 5 kila moja. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye kiwango hicho cha wasioweza kusoma kilikuwa kimepungua kwa nusu, na wasichana walikuwa wamesonga mbele sawa na wavulana.

Takwimu hiyo ina pande mbili. Kwamba mtoto ambaye hajawahi kufundishwa na mtu amesoma maneno yake ya kwanza kutoka kwenye mchezo ni jambo kubwa. Lakini kupungua kwa nusu maana yake ni kwamba nusu nyingine walibaki walipokuwa, kishikwambi mkononi. Wala vijiji havikuachwa vitupu: walikuwapo kina mama waliokabidhiwa vituo vya kuchajia kwa umemejua, wakavitunza vifaa na kuwaangalia watoto.

Ruhusa ya kukosea

Nguvu ya mchezo haiko kwenye rangi na muziki wake. Tangu elimu bila ada ianze Tanzania mwaka 2016, madarasa ya kwanza yenye watoto zaidi ya 100 si habari tena. Mwalimu wa darasa kama hilo hawezi kusahihisha madaftari yote siku ileile. Aliyekosea Jumatatu huenda akaiona alama ya kosa Alhamisi, akiwa ameshasahau alichokuwa akifikiri, na wenzake wakimcheka. Katika mchezo kosa hujibiwa papo hapo, hakuna anayeliona, na raundi nyingine inaanza. Aliye mwepesi haombwi kusubiri, na aliye mzito haombwi kukimbia.

Mipaka yake nayo ni wazi. Skrini hupokea majibu ambayo mtengenezaji ameyatarajia. Insha, mjadala, swali la "kwa nini" lililomjia mtoto ghafla katikati ya somo, hayo bado yanataka sikio la mtu. Na Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, ilidhihirika kwamba kwa kaya nyingi zisizo na umeme chombo kilichobaki ni redio ileile ya tangu Mtu ni Afya.

Nani atalisoma jibu?

Baada ya sensa ya Agosti 2022, Tanzania ilichukua hatua tofauti na ile ya Kenya: vishikwambi karibu 300,000, vikiwamo vilivyotumika kuhesabu watu, vikapelekwa kwa walimu. Kuanza na mwalimu kabla ya mtoto ni uamuzi wenye mantiki, mradi kifaa kisiishie kuwa cha kuandalia ripoti. Malawi nayo inapeleka programu ya onebillion katika shule zake za msingi za umma, watoto wakipangiwa vipindi vyao kwenye ratiba na watu wazima wakiwasimamia. Huo ni mpango ulio karibu zaidi na vikundi vya 1973 kuliko na ndoto ya mtoto na mashine peke yao.

Leo mchezo wa hisabati unaweza kuonyesha kwamba mtoto, tumwite Aisha, anajumlisha vizuri lakini hushindwa kila hesabu yenye kukopa. Taarifa hiyo ina thamani endapo mwalimu wa Aisha ataipata kabla ya somo la kesho, kwa lugha anayoielewa, akiwa na nafasi ya kukaa na watoto watano wenye tatizo hilohilo. Ikiishia kwenye ofisi ya mtengenezaji ng'ambo, chombo kitakuwa kimesikia na shule imebaki kiziwi. Kwa hiyo mradi mwingine wa vishikwambi utakapotangazwa, wazazi na wabunge wasianze na idadi ya vifaa. Waulize ni walimu wangapi wamefunzwa kuyasoma majibu ya watoto, na wamepewa saa ngapi kwa wiki za kuyafanyia kazi.