UZI: "Huna karatasi, huna haki"? Tuongee ardhi ya Pwani

1/ Kila msimu wa siasa, mjadala wa mashamba ukifika huku kwetu Mwakirunge, lazima mtu aseme: "Wewe skwota, lete hati." Sawa. Lakini hebu tuulize, hiyo hati ilianza lini?

2/ 1908 serikali ya kikoloni ilileta Pwani sheria ya hatimiliki. Mwenye shamba apeleke dai kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ni ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wao ni wazee na makaburi. Wakaachwa nje.

3/ Na kaburi si ushahidi mdogo. China, 1975, huko Shuihudi, lilifukuliwa kaburi la karani wa dola ya Qin. Ndani mna vipande vya mianzi zaidi ya 1,100, vingi vimeandikwa sheria, vimelala karibu miaka 2,200. Kabla ya hapo, habari nyingi za Qin zilitoka kwa dola iliyoifuata. Yaani aliyebaki ndiye aliyesimulia.

4/ Kwetu je? Wagiriama humchongea mzee wa Gohu kigango cha mti. Hakina herufi, lakini chasema nani aliishi hapa. Watu wakihama, chenyewe hakihamishwi. Vilipoibwa na kuuzwa Marekani, hatukupoteza mapambo tu. Tulipoteza ushahidi.

5/ Kwa hivyo mgombea akija kuahidi hati, muulizeni: makaburi yetu yatahesabiwa, ama ni karatasi tu?