Albamu ya Jeff Beck haikupigwa na gitaa moja

Januari 2025, katika mnada wa Christie's jijini London, magitaa ya marehemu Jeff Beck, mpiga gitaa, yalipigiwa nyundo moja baada ya jingine, na lililovuna fedha nyingi kuliko yote ni Gibson Les Paul la mwaka 1954, lenye rangi ya damu iliyoganda. Lilipita pauni milioni 1. Ndilo linaloonekana kwenye jalada la Blow by Blow, albamu ya ala tupu iliyotoka mwaka 1975, na mwaka huo wa mnada ikawa inatimiza miaka 50. Bei hiyo imeheshimu mbao na nyuzi kuliko watu. Hata kibao kinachopendwa zaidi katika albamu hiyo, "Cause We've Ended as Lovers", Beck alikipiga kwa gitaa jingine kabisa, Telecaster iliyofanyiwa ukarabati na fundi wa Kimarekani, Seymour Duncan. Tena hakukitunga yeye. Mtunzi ni Stevie Wonder.

Wonder aliingia humo kupitia ugomvi. Mwaka 1972 Beck alimfuata studioni, wakati albamu ya Wonder, Talking Book, ikirekodiwa, kwa makubaliano kwamba apige gitaa naye atungiwe wimbo. Kwa masimulizi ya Beck, yeye ndiye aliyekaa kwenye dramu akaanza mdundo ambao Wonder aliujengea "Superstition", na wimbo huo akaahidiwa. Lakini kampuni ya Motown ilinusa fedha. Toleo la Wonder likatangulia sokoni, na Januari 1973 likashika namba 1 Marekani; la Beck na wenzake wawili, Bogert na Appice, likaja nyuma kama mwangwi. Beck alilalamika hadharani, na alikuwa na haki ya kuumia, ingawa mdundo bado si wimbo, na aliyeugeuza kuwa wimbo ni Wonder. Miaka miwili baadaye Blow by Blow ikatoka na tungo mbili za Wonder, hiyo ya mapenzi yaliyokwisha na "Thelonius". Wengi huziita fidia. Hata kama ni fidia, bila hizo albamu ingepungukiwa na moyo wake.

Yupo atakayesema Beck alikimbilia ala kwa sababu hakuwa na mwimbaji: Rod Stewart, aliyeimba katika bendi yake, alikwishaondoka tangu mwaka 1969, na sauti yake mwenyewe katika "Hi Ho Silver Lining" hakuipenda kamwe. Ni kweli, lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini hakuna maneno tu. Haielezi jinsi albamu bila mwimbaji ilivyofika namba 4 Marekani. Jibu lipo kwa Max Middleton, mpiga kinanda aliyetunga "Freeway Jam", kwa besi ya Mjamaika Phil Chen, na kwa dramu za kijana Richard Bailey, waliomwekea Beck sakafu nyororo ya fanki ambayo bendi zake za kelele hazikuwahi kumpa.

Na yupo George Martin, mtayarishaji wa Beatles, ambaye Beck alimtaka baada ya kusikia kazi yake na bendi ya Mahavishnu Orchestra. Martin alitandika fidla nyuma ya "Scatterbrain" na "Diamond Dust", lakini mchango wake mkubwa ulikuwa kujua wakati wa kusimama. Beck hakuwahi kuridhika na solo zake. Alizirudia, akazifuta, akaomba nafasi nyingine. Martin alisimulia kwamba siku moja Beck alimpigia simu akitaka kurekebisha solo moja, naye ikabidi amweleze kuwa albamu imeshafika madukani.