Hakimiliki, Mali ya Umma na Amana ya Jadi

Neno "hakimiliki" limeundwa kwa haki na miliki, na kila alisikiaye huelewa kwamba kitu kina mwenyewe. Lakini sheria, tangu ile ya 1966 hadi Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ina pande mbili: humlinda mtunzi, na pia huwaachia watu kunukuu, kufundishia na, muda ukiisha, kuitumia kazi yake bila ruhusa. Kazi iliyokwisha muda tumezoea kuiita "mali ya umma". Katika makala hii tunataka kuonyesha kwamba istilahi hiyo haitoshi.

Tuchukue mfano wa Handeni na Korogwe. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi, Habari za Wakilindi, chasimulia jinsi Mbegha, mwindaji wa Nguu, alivyofika Kilindi, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni hadi 2002, kisha akapanda milima ya Usambara iliyo juu ya Korogwe na kutawala Vuga. Kilihaririwa na J.W.T. Allen na kutolewa upya mwaka 1962. Sheria ya 1999 humlinda mtunzi maishani mwake na miaka 50 baada ya kufa. Abdallah amefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita, hivyo ulinzi wake umekwisha.

Hata hivyo, habari za Mbegha hazikubuniwa naye. Zilitoka kwa wazee, nao walizipokea kwa wazee wao. Sheria hiyo hiyo yataka kibali sanaa za jadi zinapotumiwa kwa faida nje ya mazingira yake ya asili. Basi maandishi ya Abdallah yamekuwa huru, lakini ngano iliyomo ina wenyewe.

Leo mashine za akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, hulishwa vitabu kwa maelfu, kisha hutoa hadithi bila kutaja ilikotoka. Tukifunga mlango kabisa, Kizigua na Kisambaa havitakuwamo, na watoto wetu watajibiwa kwa lugha za wengine. Tukiuacha wazi kabisa, wazee wa Handeni na Korogwe watakuwa wageni katika ngano zao wenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza urithi wa namna hii uitwe "amana ya jadi". Aliyewekewa amana huitunza, humtaja mwenyewe, wala haiuzi bila kumwuliza. "Mali ya umma" ibaki kwa kazi zilizokwisha muda. Tunawaomba wasomaji watuletee maoni yao kabla istilahi hii haijasanifiwa.