Kinga na vilima: kutoka Saint-Étienne mpaka Marabo



Kwetu Marabo, ukisikia mlango wa jirani unafunguka kabla jogoo hajawika, ujue kinga inatoka. (Kinga njo baiskeli, kwa wale benye kutusoma kutoka Nairobi ao Dar.) Mzigo umefungwa tangu jana jioni: mikungu ya ndizi, mfuko wa makala, ao gunia la mihogo. Mbele kuna karibu kilometa 40 mpaka Bunia, na vilima. Kwenye kushuka unashikilia kwa nguvu zote, maana freni peke yake haitoshi. Kwenye kupanda hauketi hata kidogo: unashuka, unainama, unasukuma. Baba yangu alifanya kazi hiyo miaka mingi. Minerval yangu, toka shule ya msingi mpaka licence ya agronomia, ilitoka juu ya kinga ile.

Siku moja nilimwonyesha baba picha kwenye simu: watalii wanapanda vilima vya Ufaransa kwa baiskeli, wazee wenye mvi, wameketi, wanacheka. Nilifikiri atashangaa mandhari. Yeye aliangalia gurudumu la nyuma tu. Akauliza: «Mwanangu, kwa nini ile kinga iko na meno mingi vile?»

Sikuwa na jibu. Nilianza kusoma, na yale niliyoyapata yamenifikisha mbali kuliko nilivyofikiri.

Jibu linaanzia Saint-Étienne, wakati ule mji wa wachimba makaa ya mawe na mafundi wa chuma, katikati ya vilima. Huko aliishi Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, kisha akaingia katika biashara ya baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha gazeti lake, na watu wakamjua kwa jina la Vélocio. Mashindano hayakumvutia sana. Alitaka mtu wa kawaida aweze kwenda mbali, kupita mashamba na vijiji, kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe. Njo maana Wafaransa wengi wanamhesabu kuwa baba wa safari za baiskeli.

Shida yake ilikuwa ileile ya baba yangu: mpando. Ukitoka Saint-Étienne, mji ulio kwenye metre 500 hivi, barabara inapanda mpaka Col de la République, metre 1,161. (Bunia yetu yenyewe iko juu ya metre 1,200! Lakini kinachochosha miguu ni ule mpando toka chini.) Baiskeli za wakati ule zilikuwa na meno ya namna moja mbele na namna moja nyuma, sawasawa na za kwetu leo. Ukichagua meno ya kukimbia kwenye tambarare, kilima kinakushinda. Ukichagua meno ya kupanda, kwenye tambarare miguu inazunguka bure. Vélocio akaweka meno ya namna mbili kwenye baiskeli moja. Mwanzoni alikuwa anashuka na kuhamisha shene kwa mkono. Baadaye yeye na wenzake wakaendeleza vyombo vya kuhamisha shene mtu akiwa anaendesha. Hizo njo tunaita vitesi, wengine wanasema gia.

Mnafikiri walimshangilia? Hapana. Mwaka 1902 chama cha Touring Club de France kilipanga jaribio la baiskeli milimani, na mwanamke mmoja, Marthe Hesse, akapanda na baiskeli ya vitesi tatu na kuwashangaza watu. Lakini Henri Desgrange, bosi wa gazeti la L'Auto, aliandika kwamba vitesi vinafaa watu waliopita miaka 45. Kwake yeye, ushindi ulipaswa kutoka kwenye misuli. Mwaka uliofuata, 1903, gazeti lake likaanzisha Tour de France. Vitesi vya kuhamisha shene havikuruhusiwa kule mpaka mwaka 1937. Vélocio hakuona siku hiyo. Alikufa mwaka 1930, baada ya kugongwa na tramu.

Kwa hiyo hata kwao, kuteseka kwenye kilima kulihesabiwa kuwa heshima. Ilihitaji mtu mkaidi aseme kwamba mateso yale hayana faida.

Lakini kwenye ile picha ya simu kuna kitu kingine, chini kabisa: pine. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipata hati ya pine yenye upepo kule Belfast. Mwaka 1891, ndugu wawili Michelin wa Clermont-Ferrand, mji mwingine wa milima ya Ufaransa, wakaleta pine rahisi kutoa na kutengeneza. Baiskeli ikawa laini, safari ikawa raha, na dunia ikataka mpira mingi. Sehemu ya mpira ule ilitoka kwetu. Kongo wakati ule ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Léopold II, tangu 1885. Watu walilazimishwa kuingia porini kukata mitambaa ya mpira. Kijiji kisipotimiza kilo zilizotakiwa, wanaume walipigwa fimbo, wanawake walifungwa kama mateka, na wengine waliuawa ao kukatwa mikono. Mwaka 1901 Kongo ilitoa karibu tani 6,000 za mpira.

Sasa weka tarehe mbili pamoja. Julai 1903, wanaume 60 wanaondoka karibu na Paris kwa Tour de France ya kwanza. Mwezi huohuo, Roger Casement, konseli wa Uingereza, yuko juu ya mto Kongo anasikiliza ushuhuda wa watu walioteswa kwa ajili ya mpira. Ripoti yake ilitoka 1904. Mwaka 1908 Léopold alinyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji.

Vélocio hakumpiga mtu fimbo, na mimi sina ugomvi naye. Ila raha ya safari zao na taabu ya babu zetu ni za miaka ileile, na pengine mpira ulikuwa uleule.

Hapa Ituri mambo yalichukua njia nyingine. Mwaka huohuo wa 1903 wazungu walipata dhahabu kando ya mto Agola, upande wa Kilo. Migodi ilihitaji chakula na vifaa, na wanaume walilazimishwa kubeba mizigo kichwani. Baiskeli ilipofika, haikufika kwa mkulima. Ilikuwa ya karani, ya mwalimu, ya katekista: alama ya mtu aliyesoma. Ni baadaye, barabara zilipokufa wakati wa Zaïre, ndipo kinga iliposhuka mpaka kwa mwenye shamba na kubeba kazi ya lori. Kisangani ikawa teksi, wakaiita toleka, maana yake kwa Kilingala «tupite».

Halafu vita. Septemba 2002 Nyankunde, majirani zetu, walishambuliwa na mamia ya watu wakauawa. Waliopona walikimbia kwa miguu, wengi mpaka Oicha, zaidi ya kilometa 100. Siye pia tulikimbia Marabo katika vita ile. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka kitu kimoja tu: nilifungwa kwa kitenge cha mama nyuma ya kinga, pahali pa ndizi, na mgongo wa baba ulikuwa mbele yangu unasukuma.

Kwa hiyo ninapoona msomi mwenzetu anaficha kwamba baba yake alikuwa mtu wa kinga, naumia. Na tunajificha kweli. Diploma ikiingia mkononi, kinga inakuwa kitu cha watu wasiosoma, siye tunangoja moto. Hata kwenye masomo yetu ya agronomia tulijifunza udongo, mbegu, magonjwa ya mihogo. Sikumbuki somo hata moja juu ya kilima kati ya shamba na soko. Lakini mkulima wa Marabo anachagua cha kupanda kwa kufikiria kile kilima. Nyanya zinapondeka njiani, njo maana anarudi kwenye mihogo. Tunasema hataki kubadilika.

Nilimrudishia baba jibu lake. Magoti yake hayamruhusu tena, sasa ni mdogo wangu anayesukuma. Alisikiliza yote, mpira, Léopold, Tour de France, halafu akauliza kitu kimoja: «Ile ya kushuka na kuhamisha shene kwa mkono, fundi wa hapa anaweza?»

Sitawadanganya. Na kilo 100 nyuma, kwenye tope, vitesi peke yake haviketishi mtu kwenye kiti. Na vile vyombo vya kisasa vinaharibika haraka, vipuri ni bei. Ila Vélocio hakuanza na chombo cha kisasa. Hata wakimbiaji wa zamani wa Tour de France walikuwa na gurudumu la nyuma lenye meno pande mbili: wakifika kwenye mpando, wanashuka, wanageuza gurudumu, wanaendelea. Kwa mzigo mdogo, na kwa safari ya kurudi na chumvi na sabuni, naona ingesaidia.

Fundi wetu ameangalia, amekwaruza kichwa, amesema inawezekana kama tutapata kitovu cha gurudumu chenye nyuzi pande zote mbili. Tumetafuta Bunia, bado.

Bandugu wa Butembo, wa Kisangani, wa Kampala: nani kati yenu amekwisha kuona kifaa hicho kwenye soko la vitu vya zamani? Andikeni hapa chini. Mdogo wangu anatoka tena kesho asubuhi.