Hewa safi ndiyo kinga ya kwanza katika migodi ya urani

WACHIMBAJI wa urani wanaofanya kazi chini ya ardhi hukabiliwa na hatari isiyoonekana wala kunuka: gesi ya radoni. Gesi hiyo hutokana na radiamu, ambayo nayo huzaliwa urani inapobadilika polepole ndani ya mwamba. Hupenya kwenye nyufa, huyeyuka katika maji, na hutoka kwa wingi kila mwamba unapopasuliwa.

Madhara makubwa hayaletwi na radoni yenyewe bali na vizazi vyake. Nusu ya gesi hiyo hugeuka ndani ya siku 3.8 na kuacha chembe za poloniamu, risasi na bismuthi. Chembe hizo hunata kwenye vumbi, huvutwa kwa pumzi na kubaki mapafuni zikitoa mionzi ya alfa. Mionzi hiyo huzuiwa hata na karatasi, lakini ikishatoka ndani ya mapafu hakuna cha kuikinga. Matokeo yake ni saratani, na kwa mvutaji wa sigara hatari huzidi.

Madaktari wa Ujerumani, Härting na Hesse, waliandika tangu mwaka 1879 kuhusu saratani ya mapafu iliyowaua wachimbaji wa Schneeberg. Pamoja na hayo, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilipoanza mwaka 1950 kuwapima wachimbaji wa urani, wakiwamo Wanavajo, haikuwaeleza hatari iliyowakabili. Kiwango cha kitaifa cha radoni migodini kiliwekwa mwaka 1967, na sheria ya fidia ikapitishwa mwaka 1990. Kwa wengi ilikuwa imechelewa mno, ilhali dawa yenyewe ilikuwa feni.

Kuidhibiti radoni ni kushindana na saa. Hewa safi ikishaingia mgodini, vizazi vya radoni huanza kujikusanya ndani ya dakika chache, na baada ya saa tatu hivi hukaribia kilele. Kwa hiyo haitoshi hewa kuwa nyingi. Sharti pia ipite haraka. Feni kubwa huisukuma moja kwa moja hadi penye kazi, kisha ikatolewa nje kwa njia nyingine bila kurudishwa. Sehemu zilizokwisha kuchimbwa huzibwa kwa kuta, maji hukusanywa kwenye mabomba kabla hayajaachia gesi, na mwamba hutobolewa kwa maji ili kupunguza vumbi. Feni zikizimika, watu huondolewa. Barakoa huja mwisho.

Kila mchimbaji hupimwa kiasi cha mionzi anachopata. Ukomo unaopendekezwa kimataifa ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka mitano, bila kuvuka 50 katika mwaka wowote.

Kwa Tanzania, mradi wa Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ulibuniwa kuwa mgodi wa wazi. Katika mgodi wa aina hiyo upepo hutawanya radoni, na macho ya wakaguzi huelekea zaidi kwenye vumbi na mabaki ya kiwandani. Mabaki hayo hubaki na takriban asilimia 85 ya mionzi iliyokuwa kwenye mawe, na huendelea kutoa radoni baada ya mgodi kufungwa. Ndiyo maana hufunikwa kwa udongo mzito. Kanuni za Marekani hutaka kifuniko hicho kidumu miaka 1,000 inapowezekana, na kwa vyovyote si chini ya miaka 200.