Ujombani chini ya mizinga: watoto wa Bibi Salme walipofika Unguja

Mtoto wa pwani akiambiwa kesho anakwenda ujombani, hata usingizi haumjii. Mjomba hakaripii, mjomba hutoa. Basi wafikirie watoto watatu walioteremka Unguja Agosti 1885, mjomba wao akiwa ndiye Sultani wa nchi, na asitake hata kuwaona.

Antonie alikuwa na miaka 17, Rudolph Said 16, Rosalie 15. Wote walizaliwa Hamburg na kulelewa Ujerumani. Baba yao, mfanyabiashara Heinrich Ruete, aliuawa na tramu mwaka 1870 wangali wachanga. Mama yao alikuwa Bibi Salme binti Said, bintiye Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Salme alitoroka Unguja mwaka 1866 akiwa na mimba, akabatizwa na kufunga ndoa Aden mwaka uliofuata. Katika utoto wao, walichokijua kuhusu asili ya mama yao kilikuwa kidogo: kwamba ni Mwarabu na kwao ni Zanzibar. Ndiyo maana alishika kalamu kuwaandikia maisha yake. Maandishi hayo ya mama kwa wanawe yalichapwa Berlin mwaka 1886, yakawa kitabu kinachosomwa hadi leo.

Kalamu hiyo ina historia yake. Utotoni Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa mtoto wa kike hakufundishwa kuandika. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka kama 15, alikuwa karani wa kakake Barghash katika njama ya kumpindua Majid, ndugu yao aliyekuwa Sultani. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Na ni Barghash huyuhuyu, Sultani tangu 1870, aliyekataa kumpokea dada yake na wapwa zake.

Simlaumu peke yake. Dada alikuwa ameacha dini, jambo zito kwa ukoo ule. Juu ya hapo, wageni hawa walifika na meli ya Kijerumani, Adler, katika siku zilezile manowari za Bismarck, Kansela wa Ujerumani, zilipotia nanga mbele ya kasri. Februari mwaka ule Ujerumani ilikuwa imetangaza kwamba Usagara na nchi jirani za bara ziko chini ya himaya yake. Barghash alipinga, mizinga ikaletwa, na katikati ya Agosti akakubali. Bismarck alimtumia Salme kama karata mkononi, na mchezo ulipokwisha, madai ya urithi aliyokuwa nayo Salme kwa kakake hayakumshughulisha tena Kansela. Kinachoniuma ni wale watoto. Safari yao ya kwanza kwa jamaa wa mama yao ilifanywa silaha dhidi ya jamaa haohao.

Mlango wa kasri ulifungwa, lakini mji haukufungwa. Salme anasimulia jinsi watu walivyojazana njiani kuwaamkia, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, ingawa walijua Sultani hapendi.

Kisha kuna Mtoni, kasri la ufukweni alikozaliwa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake uani pamejaa paa, tausi, heroe na mbuni, na watoto wakikimbizana nao kutwa. Alichokikuta ni gofu. Ngazi moja haipo, nyingine imeota majani na ni hatari kuipanda, hamamu zimekuwa rundo la mawe. Ilikuwa imepita miaka 19 tu. Kuta zilizobaki zingalipo, kaskazini ya Mji Mkongwe, bahari ikipiga karibu.

Salme alirudi tena 1888, na safari hiyo pia haikuzaa kitu. Aliishi Beirut miaka mingi, akafia Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Inasimuliwa kuwa katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Yule kijana wa miaka 16 naye hakulitupa jina la babu. Mwaka 1906 aliliingiza rasmi katika jina la ukoo, akawa Rudolph Said-Ruete. Na mwaka 1929, akiwa na umri wa miaka 60, alichapisha London kitabu kizima kuhusu maisha ya Seyyid Said, babu aliyefariki baharini zaidi ya miaka 12 kabla yeye hajazaliwa.